Skrubu Ikishalika Kichwa: Kwa Anayeanza Kufungua Gari Lake la Rimoti

Siku utakaposikia ufunguo wa pembe sita (Allen key) unateleza ndani ya kichwa cha skrubu, hata kama ni mara moja na kidogo tu, ondoa mkono. Usiseme "ngoja nijaribu tena." Katika magari ya rimoti niliyofungua, yangu na ya vijana wa mtaani kwetu Dar es Salaam, mtelezo wa kwanza mara nyingi hukwangua kona tu, na bado hubaki chuma cha kushika. Mtelezo wa pili na wa tatu, pale unapokaza meno na kuzungusha kwa hasira, ndiyo inayoligeuza tundu la pembe sita kuwa duara. Hapo mtu huanza kutafuta drili, wakati kazi ingeweza kuisha kwa sindano na mswaki.

Sindano naitaja kwa sababu. Kijana jirani yangu aliniletea gari lake la skeli ya 1:10, yaani dogo mara kumi kuliko gari halisi, ambalo alikuwa akilikimbiza mchangani Coco Beach. "Kaka, skrubu nne za chini zimekufa zote," akaniambia. Nikatoa betri, nikaligeuza gari, nikawasha taa ya simu. Vichwa vilikuwa vimejaa mchanga ulioshikana na chumvi mpaka ukawa mgumu kama saruji. Ufunguo wake ulikuwa ukiingia labda milimita moja, ukishika ukingo wa tundu tu. Tukachukua sindano ya kushonea viatu, tukachokoa taratibu, tukapuliza, tukapitisha mswaki wenye mafuta ya taa kidogo, tukachokoa tena mpaka ncha ya sindano ikagonga chuma chini ya tundu. Nikaweka ufunguo wangu, nikaugonga mara mbili kwa mpini wa bisibisi ili ukae mpaka mwisho. Skrubu tatu zikatoka bila ubishi. Ya nne ndiyo iliyotupa kazi, nitaifikia.

Basi kabla ya lolote, safisha tundu mpaka uone chini yake. Ufunguo usiozama wote utateleza tu, uwe wa bei gani.

Na ufunguo wenyewe, mdogo wangu, uujue kwa namba. Magari mengi ya hobi siku hizi yanatumia skrubu za M3, yaani mwili wake una unene wa milimita 3. Lakini ufunguo unategemea umbo la kichwa. Kichwa cha duara kilichobinuka kama kofia, na kile bapa kinachozama kwenye chesisi (bamba la chini la gari), vinataka ufunguo wa milimita 2.0. Kichwa kirefu kilichosimama kama kopo kinataka 2.5. Skrubu isiyo na kichwa kabisa, ile inayojificha ndani ya gia ya mota, inataka 1.5. Sasa seti nyingi za bei rahisi huchanganya funguo za milimita na za inchi. Ufunguo wa inchi 3/32 ni sawa na milimita 2.38. Utaingia kwenye tundu la 2.5 vizuri tu, na mkono utakudanganya kwamba umeshika, kumbe kuna nafasi ya milimita 0.12 inayokula kona zote sita kwa pamoja. Soma namba iliyochongwa kwenye ufunguo. Kama haina namba, upime kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kabla haujagusa gari.

Funguo zenye ncha iliyochongwa mviringo kama gololi, zile za kuingilia kwa pembeni, zitumie kuzungushia skrubu iliyokwisha kulegea. Kulegezea, tumia ncha iliyonyooka. Ncha ikichakaa, usiitupe: kata milimita mbili au tatu kwa kisahani cha kukatia cha mashine ndogo ya mkononi, ukiichovya majini kila mara isipate moto ikapoteza ugumu, na utapata kona mpya.

Kama gari lako ni la kuunga mwenyewe kutoka kampuni ya Tamiya, tuseme modeli ya TT-02, utakutana na skrubu za nyota ya msalaba badala ya pembe sita. Zile si nyota za kawaida. Zimechongwa kwa kipimo cha Japani kinachoitwa JIS, na bisibisi ya nyota ya dukani huwa haikai mpaka chini, kwa hiyo ukiikaza inapanda na kuchana mbawa. Nunua bisibisi moja ya JIS namba 2. Mimi nililaumu skrubu hizo kwa muda mrefu kabla sijaipata, na tangu niipate sijaharibu hata moja.

Sasa tuseme umechelewa, tundu limekwisha kuwa duara. Swali la kujiuliza ni hili: skrubu hii imeng'ang'ania ndani ya nini? Jibu lake ndilo litakalokuonyesha njia.

Ikiwa imeingia kwenye plastiki, mara nyingi haijang'ang'ania chochote. Kilichoharibika ni kichwa tu, na mwili wake utazunguka ukipata cha kuushikia. Hapa ninaanza na biti ya Torx, ile ya nyota ya meno sita. Kwa tundu la 2.0 lililolika jaribu T8, kwa la 2.5 jaribu T10, kwa la 1.5 jaribu T6. Igonge kwa nyundo ndogo, taratibu, mpaka meno yajichimbie njia ndani ya chuma. Kandamiza kwa uzito wa bega, kisha zungusha polepole. Usitumie drili kuzungusha, tumia mkono, kwa sababu mkono unasikia. Chini ya sehemu unayogonga weka kitu kigumu cha kuipokea nyundo, la sivyo utavunja mkono wa sasipensheni kwa sababu ya skrubu ya bei ndogo.

Wengi watakuambia uweke kipande cha raba bendi kati ya ufunguo na skrubu. Kwenye skrubu ya nyota iliyolika kidogo na isiyokazwa sana, husaidia. Kwenye pembe sita iliyofungwa kwa gundi, unapoteza muda na unazidi kulainisha tundu. Supagluu ndani ya tundu siipendekezi kabisa. Inateremka kwenye uzi, ile mikunjo ya mwili wa skrubu, na sasa una matatizo mawili.

Kichwa kikiwa kimejitokeza nje, si cha kuzama, unaweza kukichonga mfereji kwa kisahani chembamba na kutumia bisibisi bapa. Vaa miwani. Kisahani kile kikivunjika huruka vipande.

Ikiwa skrubu imeingia kwenye alumini au chuma, mchawi ni gundi ya kufungia uzi, ile ya buluu au nyekundu inayopakwa ili skrubu isilegee, na dawa yake ni joto. Gundi ya buluu hukubali nguvu ya mkono, ila kichwa kikiwa kimelika hata hiyo inakushinda. Nyekundu huanza kuachia vizuri ikifika karibu nyuzi 250 za Selsiasi. Usichukue kiberiti cha gesi, utayeyusha vya jirani. Chukua chuma cha lehemu cha mafundi redio, kiweke nyuzi 350 hadi 400, weka lehemu kidogo kwenye ncha ili joto lipite, kisha kibane juu ya kichwa cha skrubu kwa nusu dakika mpaka dakika nzima. Alumini hunyonya joto, kwa hiyo kuwa na subira. Zungusha ikiwa bado ya moto. Betri ya lithiamu iwe nje ya gari na mbali na meza, hili halina mjadala.

Ile skrubu ya nne ya jirani yangu ilikuwa hivyo: bapa, imezama, imeshika nguzo ya alumini kwa gundi, na T8 ilikwisha kuteleza. Nikaamua kichwa kife. Nikaziba matundu ya mota kwa utepe, maana sumaku yake huvuta kila unga wa chuma, na unga ule ukiingia mle haitoki salama. Nikachukua biti ya drili ya milimita 3. Tundu lililolika lenyewe huiongoza biti katikati, hiyo ni faida pekee ya tundu kuwa duara. Drili ikaenda polepole, tone la mafuta, nywele nyembamba za chuma zikajikunja pembeni. Kichwa cha aina ile kina kina cha karibu milimita 2 tu, kwa hiyo nilikuwa nikisimama kila baada ya sekunde chache kutazama. Ghafla biti ikashika, na kichwa kikapanda nayo, kinazunguka juu yake kama pete kidoleni.

Tukanyanyua chesisi. Kisiki cha milimita nne hivi kilikuwa kimesimama juu ya nguzo, bado cha moto. Kijana akakibana kwa plaizi, akazungusha, kikatoka kwa vidole viwili. Akanitazama kana kwamba nimemficha kitu. Lakini sababu ni rahisi: kinachoikaza skrubu ni mvutano kati ya kichwa na uzi. Kichwa kikiondoka, mvutano umekwisha, na joto la drili huenda limesaidia kulegeza gundi.

Ukiweza kupata biti za drili zinazokata kwa kushoto, nunua ya milimita 2 na ya 2.5. Unapotoboa kwa kurudi nyuma, mara nyingi skrubu hutoka yenyewe kabla hujafika mbali.

Nimeacha mwisho ile inayowaliza wengi, skrubu isiyo na kichwa kwenye pinioni, ile gia ndogo iliyo kwenye shafti ya mota. Ni fupi, ngumu mno, imefungwa kwa gundi, na tundu lake ni la milimita 1.5 tu. Huwezi kuichonga mfereji, na biti ya drili ya kawaida haiikati. Safisha, pasha kwa chuma cha lehemu, gonga T6, jaribu mara moja. Unapogonga, egemeza pinioni yenyewe juu ya chuma au kwenye jiliwa. Usigonge mota ikiwa inaning'inia, utapinda shafti au kuua beringi. Na usipashe kwa muda mrefu, joto hutembea kwenye shafti mpaka kwenye sumaku, na sumaku ikizidiwa na joto hudhoofika. Ikikataa, usipambane. Kata pinioni kwa kisahani, kando ya skrubu, kwa urefu wa shafti, ukisimama kabla hujagusa shafti. Kisha ipasue kwa bisibisi bapa. Nilishaharibu mota nzuri nikijaribu kuiokoa pinioni, na pinioni ndiyo iliyokuwa rahisi kununua.

Wakati wa kurudisha, weka skrubu mpya, wala usiirudishe ya zamani hata kama inaonekana bado ina uhai. Kwenye plastiki, izungushe kwanza kinyume mpaka uhisi imedondoka kwenye uzi wa zamani, "tak", ndipo uikaze, na usitie gundi hata tone, kwa sababu gundi hizo hupasua aina nyingi za plastiki. Chuma kwa chuma, tone moja la buluu kwenye uzi linatosha. Nyekundu iache dukani. Kwenye mota, tazama shafti: nyingi zina upande uliochongwa bapa. Skrubu ya pinioni ikae juu ya bapa hilo, ufunguo uzame mpaka chini, kaza kwa mkono ulioshika mpini mfupi. Baada ya kuliendesha mpaka betri ya kwanza iishe, gari likiwa limepoa, iguse tena kwa ufunguo uone kama imebaki pale pale.