Nilifuta maneno yangu, nukuu zikabaki

Jumatatu asubuhi msomaji mmoja alinitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Huyu ni wewe?" Chini yake kulikuwa na picha ya skrini. Nilijua hata kabla sijaikuza. Lilikuwa jina la bandia nililolipenda sana ujanani, mwaka 2009, na sentensi yangu kwa mtu aliyekuja kuomba msaada: "Kama kusoma maelekezo kunakushinda, rudi kwenye daftari na kalamu."

Wakati ule nilikuwa bingwa. Sijisifu (haya, najisifu kidogo), lakini kwenye mijadala ya kompyuta watu walikuwa wakinisubiri mimi. Nilijibu usiku wa manane, nilijibu nikiwa kazini huku nikijifanya nahangaika na hesabu. Yule mtu aliuliza kuhusu diski yake iliyokuwa inagonga ndani kwa ndani na kugoma kufunguka. Picha zake zote zilikuwa humo. Nikamwambia aifomati, yaani aifute na kuiandaa upya, kisha atumie programu ya kurejesha mafaili.

Ushauri mbovu kabisa. Diski inayogonga vile mara nyingi imeharibika vyuma vyake, na kila dakika inayozunguka, kichwa cha kusomea kinaweza kukwaruza sahani zilizobeba data. Unaizima, na huiwashi tena mpaka imfikie fundi mwenye vifaa. Yeye alihisi kitu hakiko sawa, akauliza mara ya pili kama nina hakika. Ndipo nikamtupia lile la daftari na kalamu. Watu wakacheka, sifa zikamiminika. Yeye hakuonekana tena.

Mwaka uliofuata nilijifunza kosa langu, nikarudi kwenye mjadala uleule na kuandika masahihisho marefu, aya sita. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyenukuu.

Kisha nikaanza kutafuta kazi, hofu ikaniingia. Usiku mmoja nilikaa kwa muda wa saa tatu nikifuta kila nilichowahi kuandika. Nililala kama mtu aliyemaliza madeni yake yote.

Kumbe waliocheka nao walikuwa wameninukuu, ushauri pamoja na tusi, na nukuu iko mikononi mwa aliyenukuu. Nilichofuta ni zile aya sita. Kilichobaki ni upumbavu wangu, umesambaa kwa majina ya watu wengine. Nilimwomba mmoja wao aondoe. Alinijibu kwa kunibandikia sentensi ileile. Bado inaniuma, na nakiri hivyo.

Ndiyo maana nikisikia watu wakisema intaneti haisahau, huwa naguna. Oktoba 2009 Yahoo ilifunga GeoCities, huduma iliyowapa watu nafasi ya kuweka kurasa zao binafsi, na kurasa za watu chungu nzima zikaondoka. Mwaka 2019 MySpace, mtandao wa kijamii wa zamani, walikiri kupoteza muziki uliopakiwa kati ya 2003 na 2015. Utafiti wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, wa mwaka 2024 ulikuta asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo 2013 hazipatikani tena baada ya miaka kumi. Inasahau sana! Ila haikuulizi isahau nini. Upande wa pili kuna wale wa Usenet, mfumo wa mijadala ya kompyuta wa kabla ya tovuti, walioandika miaka ya themanini wakijua ujumbe wao utaondolewa kwenye seva baada ya muda mfupi kupisha mwingine. Lakini katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, mtaalamu wa kompyuta Henry Spencer alikuwa akiuhifadhi kwenye kanda za sumaku, na Desemba 2001 Google wakaweka hadharani mijadala ya tangu 1981. Mtu aliyebishana akiwa mwanafunzi akajikuta anatafutika akiwa na mvi.

Sasa wewe unayeandika mtandaoni leo, najua unataka jina, kama nilivyolitaka mimi. Nisikilize. Usifute kwa woga. Ukikosea, sahihisha palepale chini ya kosa, weka na tarehe, uache vyote viwili vionekane. Nilishasema usifute? Narudia, usifute. Ukitaka kujua maneno yako yapo wapi, usitafute jina lako, tafuta sentensi zako ndani ya alama za nukuu. Na usitegemee sana sheria: hata ile hukumu ya Mei 2014 ya mahakama ya Ulaya, iliyowapa watu haki ya kuondolewa kwenye matokeo ya utafutaji, inagusa kiungo kinachotokea jina lako likitafutwa. Ukurasa wenyewe unabaki ulipo. Zaidi ya hayo, kuwa na adabu kwa anayeuliza. Anayeuliza mara mbili si mjinga, ana hofu. Laiti ningeambiwa hivi mapema, ingawa sina hakika kama ningesikia.

Yule msomaji nilimjibu: "Marahaba. Ndiyo, ni mimi." Nikaongeza maelezo mengi ya kujitetea ambayo hakuyaomba. Mwishoni nikamuuliza amelipata wapi jambo la zamani kiasi hicho.

Akasema hakuwa akinitafuta mimi. Diski yake ilikuwa inagonga.

Nikamwandikia haraka aizime, asiiguse. Jibu lilichelewa kidogo.

"Niliifomati jana usiku, kaka. Sasa hata kugonga haigongi."