Meza ya mkorosho imepasuka, mianzi inamwaga unga: nifanyeje?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Shangani, Mtwara. Mwaka jana nilichoka na maua ya plastiki, nikataka sebule yangu iwe na sura ya shamba. Baba alikuwa amekata mkorosho mzee Newala, nikapasuliwa kipande cha duara cha unene wa inchi 3, kikawa meza, na ganda lake nikaliacha. Darini niliweka mianzi iliyopasuliwa, na ukuta wa nyuma ya tivi nikaubandika mikeka ya milala. Haijafika miezi minne, meza imepasuka kutoka katikati hadi ukingoni, mianzi inadondosha unga kila asubuhi, na mikeka imeota ukungu. Sebule ina kiyoyozi. Jirani anasema nipake oili chafu au mafuta ya maganda ya korosho. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Oili chafu iache gereji ilikotoka. Itanuka miaka, itachafua nguo za wageni, na si kitu cha kuwekwa mahali watoto wanapokula. Mafuta ya maganda ya korosho ni kweli yanazuia wadudu, lakini yanababua ngozi, waulize wanaobangua korosho kwa mkono. Hayo ni ya nguzo za nje. Na kabla hujasikia ushauri wa tatu, mafuta ya nazi nayo hapana. Hayakauki yakawa ngumu, na mwishowe yanachacha.

Matatizo yako yanaonekana matatu, lakini karibu yote yanaanzia kwenye maji. Mti uliokatwa huendelea kunywa na kutoa unyevu maisha yake yote, hata ukiwa meza. Hewa ya pwani yetu ikiwa na unyevu wa asilimia 80, mbao iliyokauka vizuri hubaki na maji kama asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Ndani ya chumba chenye kiyoyozi, hewa ikishuka hadi asilimia 50, mbao ileile itateremka hadi kama 9. Wewe hukuingiza hata mbao kavu. Umeingiza mti mbichi, ukauwekea mashine ya kuukausha.

Kwa nini ufa umekwenda kutoka kwenye kiini hadi ukingoni, tena umepanuka kwa nje kama kipande cha keki kilichotolewa? Mti ukikauka hausinyai sawasawa. Kuzunguka pete zake za ukuaji husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda ganda, na kwa urefu wa shina hausinyai karibu kabisa. Fikiria kanga iliyosinyaa baada ya kufuliwa. Kiuno ni kilekile, kanga haifiki. Duara la mti haliwezi kufunguka kama kanga, kwa hiyo linachanika. Tena duara lina vinyweleo vyote wazi juu na chini, hutoa maji haraka kuliko ubao, na haraka hiyo ndiyo inayopasua. Mafundi tunahesabu mwaka mmoja kivulini kwa kila inchi moja ya unene wa ubao. Wako ulikuwa wa inchi 3, umekaa miezi mingapi?

Usiutupe, na usiuzibe kwa gundi na unga wa mbao sasa hivi. Ufa bado unatembea. Ukiuziba leo, mvua zikija mti utavimba na kusukuma ulichoziba, upepo mkavu wa kusi ukirudi utasinyaa na kuacha mwanya mwingine pembeni. Uondoe mbele ya kiyoyozi, uweke barazani pasipo jua, juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini. Bandua ganda lote. Najua ndilo ulilolipendea, lakini chini ya ganda ndiko wadudu wanakotaga, na litadondoka lenyewe hata usipoligusa. Paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa juu na chini, ili maji yatoke polepole. Ufa ukishatulia, tutaufunga kwa kipepeo, kile kipande cha mbao ngumu chenye kiuno chembamba kinachochimbiwa kuvuka ufa. Kipepeo cha mpingo kwenye mbao ya mkorosho kinapendeza kuliko meza isiyo na ufa, kwa macho yangu.

Siku nyingine, ukitaka meza ya namna hii, chukua ubao uliopasuliwa kwa urefu wa shina na ukingo wake uliopinda uachwe. Sura ya mti utaipata, na hautapasuka hivi. Mbao za mkorosho na mwembe wadudu wanazipenda. Mninga husinyaa kidogo sana, ndiyo maana maseremala wanaugombea. Ununue wenye alama ya nyundo ya misitu na hati yake, usije ukanunua kesi.

Sasa unga. Panda ngazi uupitishe kati ya vidole. Ukiwa laini kama wa ngano, na mianzi ina vitundu kama vya pini, hao ni bungua, wanafuata wanga uliomo ndani ya muanzi. Ukiwa punje punje ngumu kama mchanga, ni mchwa wa mbao kavu, na hapo kagua kenchi zote kabla ya kuhangaika na dari. Nadhani kwako ni bungua. Muanzi uliokatwa na kupasuliwa bila kulowekwa huwa hivyo karibu siku zote. Wazee waliulaza mtoni wiki kadhaa, maji yakatoa wanga.

Kupaka vanishi hakusaidii. Ngozi ya nje ya muanzi haipitishi kitu, na bungua wako ndani wanakula. Ishushe yote. Iliyooza choma. Iliyobaki iloweke kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki, gramu 600 za boraksi na 400 za asidi kwa lita 20 za maji. Yeyusha kwanza kwenye maji ya moto. Iache wiki moja ikiwa imezama, kisha ianike kivulini. Vaa glovu, na chombo hicho kisirudi jikoni. Dawa hii huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ni ya ndani tu. Bati likivuja juu ya dari, umeirudisha kazi mwanzo.

Kuhusu mikeka, kwanza tujue maji yanatoka wapi. Ibandue, ukuta ukauke, kisha bandika karatasi ya nailoni ya futi 2 kwa 2 ukutani, uizibe kingo zote kwa utepe kwa siku mbili. Umande ukiwa upande wa ukutani, ukuta wenyewe unanyonya maji kutoka chini au nje, na hapo tafuta mwashi kabla ya mpambaji. Umande ukiwa upande wa chumbani, ni hewa yako. Unafungua mlango, joto lenye unyevu linaingia na kukuta ukuta uliopozwa. Kwa vyovyote, mkeka haubandikwi kwa gundi. Piga fito za inchi moja zilizosimama wima, uutundike juu yake, uache wazi chini na juu ili hewa ipande nyuma. Tumia skrubu zisizoshika kutu, maana misumari ya kawaida kwa chumvi ya Shangani haimalizi mwaka bila kulia machozi mekundu juu ya milala. Mikeka yenyewe ianike jua kali, ipige brashi, utaona kama inafaa.

Nikuulize na mimi: dirisha la upande wa bahari unalifungua? Nyumba za zamani za Mikindani, mji mkongwe hapo jirani, zina kuta nene za mawe ya matumbawe na baraza zenye kivuli, upepo ndio unaofanya kazi. Kusi likivuma, kuanzia Mei hivi, zima kiyoyozi jioni ufungue. Mbao, mianzi na milala vyote vitakaa kwenye hewa inayofanana na ile vilikokulia.

Leo chora mstari wa penseli kwenye ncha ya ufa na uandike tarehe. Ukipita msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kusi, na ufa haujauvuka mstari, niandikie upana wake nikupe vipimo vya kipepeo.