Manyoya ya kijani kwenye tangi la matumbawe

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina tangi la maji chumvi la lita 250 hapa nyumbani Kizingo, Mombasa, lina matumbawe laini na samaki watano. Tangu Ramadhani mawe yameota manyoya ya kijani. Nikiyang'oa, hayachukui muda yamerudi. Nimepima nitrati, sifuri. Fosfati, sifuri. Maji ya kubadilisha mwanangu huyateka Tudor, na yakipungua kwa joto najazia ya kisima. Duka limeniuzia dawa ya chupa, na jirani yangu mvuvi asema nitie samaki aitwaye tafi. Nifuate lipi? – Mama wa Kizingo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo sifuri isikudanganye. Kipimo husoma kilichobaki majini, na kwako hakibaki kitu kwa sababu mwani, ndio hayo manyoya, umeshakila. Tangi likiwa na manyoya na kipimo kikasema safi, wewe amini manyoya.

Basi chakula chao chatoka wapi? Umenitajia mwenyewe. Tudor ni mkono wa bahari unaopokea maji taka ya mji. Ukiyateka pale umewaletea mwani futari. Kisima nacho, hapa kisiwani visima vingi viko jirani na mashimo ya vyoo, na nitrati haina rangi wala harufu. Tena maji yakipanda hewani huacha kila kitu nyuma: chumvi hubaki, na uchafu wa kisima hubaki vilevile. Kila ndoo unayojazia inaurundika juu ya ule wa jana. Chukua kipimo hicho hicho, pima maji ya kisima kabla hayajaingia tangini, uone.

Kujazia, tumia maji ya mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwenye utando laini mpaka uchafu na chumvi vibaki nyuma. Wauzaji wengi wa maji ya kunywa mitaani wanayo. Waulize kama wanaongeza madini, na wakiongeza, tafuta mwengine. Ya kubadilisha, mpe chochote mvuvi anayetoka nje ya mwamba akujazie madumu huko, si ufukweni, wala si masika mito inapomwaga tope. Badilisha asilimia 10 kila wiki. Chumvi ikae gramu 35 kwa lita.

Manyoya yenyewe usiyakwangue hovyo, maana kila kipande kinachoelea kitashika jiwe jengine. Chukua mswaki mkavu, uzungushe palepale kwenye shina mpaka manyoya yajisokote kwenye nywele zake, kisha vuta. Mkono wa pili ushike mpira wa kunyonyea maji karibu na mswaki, ule vinavyokatika. Jiwe linalotoka bila tumbawe juu yake litoe kabisa, ulisugulie kwenye beseni la maji ya tangi.

Yatarudi kidogo hata ukishasafisha maji, kwa kuwa mawe yameshanyonya fosfati na huitoa polepole, pengine kwa miezi. Wengi hukata tamaa hapa, wakaenda kununua chupa. Hiyo yako soma kibandiko: ikiwa na shaba, itaua konokono na matumbawe kabla ya kumaliza mwani. Irudishe dukani.

Taa, saa nane kwa siku zatosha. Chakula cha samaki kiwe cha kumalizika kwa dakika mbili, na ule uduvi wa kugandishwa uusuuze kwanza, maana maji yake yana fosfati.

Jirani yako hakukosea kuhusu tafi. Mwambani yeye na samaki kangaja ni miongoni mwa walaji wa mwani. Lakini atakua, na lita 250 zitambana. Tena miiba yake ina sumu, nawe utakuwa unaingiza mkono kila wiki. Tia konokono wanaokula mwani, wachache kwanza. Wanunue kwa mwenye leseni, wala usimtume kijana akawaokote ndani ya mbuga ya bahari ya Mombasa, ambako tangu 1986 ni marufuku kutoa kitu.