Forester SG inavuma sana barabarani: soma hii kabla hujanunua tairi

Mkuu habari. Nimekuelewa, Subaru Forester yako ya SG (toleo la pili la Forester) imekuja na tairi za AT, yaani all-terrain, za lami na za porini pia, ukifika 80 tu wewe na abiria wa nyuma hamsikilizani, na muuzaji kakwambia chukua brand kubwa kelele zitaisha. Nina gari hiyo hiyo na huo mvumo naujua vizuri, kwa hiyo vumilia nitaandika kwa urefu, maana tairi nne ni hela nyingi na watu wanabadilisha halafu kelele inabaki palepale.

Kwanza hakikisha ni tairi kweli. Hizi SG zinasifika kwa kuua beringi za nyuma na mvumo wa beringi unafanana sana na wa tairi. Sikiliza gari inapotoka kwenye lami ya kokoto kuingia lami laini, kama ni tairi sauti inabadilika hapo hapo, beringi yenyewe haijali lami, inavuma vilevile. Halafu ukipata barabara tupu, ukiwa kwenye 60 hivi, yumbisha usukani taratibu kushoto, uzito unahamia kulia, kama mvumo unapanda shuku beringi za kulia, na kinyume chake. Kwangu vilikuwa vyote viwili, tairi na beringi. Fundi alipiga jeki nyuma, mkono mmoja anazungusha gurudumu mwingine kashika springi, akaniambia hebu shika na wewe, aisee springi ilikuwa inatetemeka kabisa. Ile beringi ingebaki, hata ningefunga tairi za bei gani ningeendelea kupiga kelele na abiria.

Pia pitisha kiganja juu ya tairi ulizonazo, kwenda na kurudi. Ukienda ni laini ila ukirudi inakwaruza kama msumeno, basi zimelika vibaya na hizo lazima zivume. Hapo kuna alaimenti mbovu, au shokapu zimechoka, au tairi hazijawahi kuhamishwa mbele kwenda nyuma. Maliza hilo kwanza la sivyo mpya nazo zitaanza kuvuma muda si mrefu.

Sasa tairi zenyewe. AT ina kashata (vile vipande vya raba vinavyokanyaga barabara) kubwa zilizoachana, kila moja inaipiga lami na hewa inabanwa kwenye mifereji halafu inaachiwa, ndio huo mvumo wenyewe. Unachotaka wewe ni H/T (highway terrain, tairi za gari kama yako zilizotengenezwa kwa lami) au tairi za kawaida za gari ndogo za lami, zenye vipande vidogo vilivyobanana, na ukiangalia kwa makini utaona vipande havilingani urefu kuzunguka tairi, wamefanya hivyo makusudi ili sauti zisirundikane kwenye mlio mmoja. Hicho ndicho cha kukagua dukani kwa macho yako, jina linafuata baadaye, maana brand kubwa hiyo hiyo inatengeneza na AT za kuunguruma. Ukitaka majina, Michelin Primacy, Bridgestone Turanza na Yokohama BluEarth zote ni za mlengo wa utulivu.

Saizi baki na ya kiwandani, kama yako ni 215/60R16 nunua hiyo hiyo, load index (namba ya uzito inaoweza kubeba tairi, ipo baada ya saizi) isishuke chini ya 95, yaani kilo 690 kwa kila tairi. Kuna watu watakushauri upanue ili gari "ikae chini". Tairi pana inaongeza kelele, na ukuta ukiwa mfupi kila kiraka cha barabarani unakisikia ndani.

Tairi zinazouzwa Ulaya zina lebo ya desibeli, toka Mei 2021 wanaweka na daraja A, B au C, A ndio kimya zaidi. Ingia mtandaoni tafuta modeli na saizi yako uone. Ila elewa wanapima nje, gari ikipita kwenye 80 injini imezimwa, kwa hiyo ndani ya gari yako mambo yanaweza kutofautiana kidogo. Tofauti ya desibeli 3 usiidharau, hiyo ni nguvu ya sauti mara mbili.

Mtumba wa Japani kuwa makini sana. Ukiona neno STUDLESS ubavuni achana nayo hata iwe mpya kabisa, ile ni raba ya barafu, kwenye joto letu inakuwa laini mno na inalika haraka. Angalia pia tarakimu 4 za mwisho za DOT (ile namba ya kiwandani ubavuni mwa tairi), 3219 maana yake wiki ya 32 mwaka 2019. Raba ikizeeka inakuwa ngumu na kelele inaongezeka hata kama kashata bado nzima.

Na kwa kuwa Subaru inavuta miguu yote, nunua nne za aina moja kwa mpigo. Mbili mpya mbili kuukuu mzunguko unatofautiana na mfumo wa kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma ndio unaumia, huko utalia zaidi ya bei ya tairi.

Ila niulize, ni mara ngapi unaingia porini? Kama kila masika unaenda kijijini kwenye tope, mimi ningekushauri ubaki na AT uvumilie, kukwama usiku na familia ni kubaya kuliko mvumo. Kama ni Dar, Moro, Dodoma na kurudi, weka H/T bila kuwaza.

Ukishafunga fanya balansi na alaimenti siku hiyo hiyo, na upepo jaza kwa kufuata stika iliyopo mlangoni kwa dereva, ukimwachia kijana wa upepo akujazie PSI 40 tairi itakuwa ngumu na utaanza kuisikia tena. Baada ya hapo kila kilomita 8,000 hadi 10,000 hamisha za mbele ziende nyuma. Tupia picha ya kashata za hizo AT hapa tuone zimelikaje.