Kisiwa Mlichonicheka

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: “Dada, Ugiriki yote hiyo, ukaenda kulala kwenye kisiwa kilichokufa?” Siku tatu neno hilo limenikaa kooni. Leo najibu: kisiwa hicho ni Oinousses.

Baba yangu ni baharia mstaafu. Alisugua deki na kupaka rangi meli za mizigo za Wagiriki mpaka mgongo ukapinda, na akirudi Tanga alitusimulia kila bandari. Kwao wenye meli tu ndiko hakuwahi kufika. Nikasema nitafika mimi.

Oinousses ni visiwa vidogo vikavu kati ya kisiwa kikubwa cha Chios na Uturuki, wakazi mia kadhaa tu. Humo ndimo zilimotoka koo za Lemos, Pateras na Lyras, majina makubwa ya meli duniani. Majumba yao yamepanda mlimani, mengi madirisha yamefungwa. Wenyewe wako Athens na London, hurudi kiangazi.

Kosa langu: nilipanda boti ya mchana kutoka Chios nikijua jioni nitarudi. Boti gani? Ile ni ya wenyeji: asubuhi wanakwenda Chios kwa shughuli zao, mchana wanarudi, basi. Maduka yamefungwa, watu wamelala. Nikakaa gatini na pakiti ya biskuti, nalia kidogo, sifichi. Kwa hiyo ulizia ratiba ya boti mapema. Beba chakula. Na ratiba, nasema tena, ulizia.

Mama mmoja mwenye vyumba vya kupangisha akaniokoa. Asubuhi nikaingia makumbusho ya bahari, nikakuta meli ndogo za mifupa, zilizochongwa na mateka wa Kifaransa wa vita vya Napoleon, kamba zake nyembamba kama unywele. Nilizunguka humo peke yangu, hakuna wa kunisukuma. Ninyi mnaokopa ili mkapange foleni kisiwani Santorini mpige picha ya jua linazama, jua hilo hata Pangani linazama! Safiri kwa sababu yako mwenyewe, usisafiri kwa ajili ya simu.

Mdomoni mwa bandari yupo nguva wa shaba, mama anayewaaga mabaharia. Nikampiga picha, nikamtumia baba. Nilidhani atalia. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, anakohoa: “Mzuri. Hapo gatini maji yana kina gani?”