Maswali ya Wasomaji: Olimpiki Sebuleni

Barua za safari hii karibu zote zahusu Michezo ya Los Angeles, 14 hadi 30 Julai 2028. Walioanza kuuliza mapema wamefanya vyema, kwa sababu mengi yanayoharibu utazamaji hapa pwani hayatengenezeki usiku wa fainali.

Hamjambo jamani. Michezo ya Paris tuliitazama jioni, kazi zimekwisha. Mwanangu aniambia hii ya Marekani itakuwa usiku wa manane. Nitajuaje saa bila kupiga hesabu kila siku? (Mama wa watatu, Langoni, Lamu)

Hatujambo, mama. Paris ilikuwa nyuma yetu kwa saa moja tu. Los Angeles mwezi wa Julai iko nyuma kwa saa kumi. Kwa saa zetu za Kiswahili hesabu ni nyepesi: chukua saa ya kule, toa mbili, kisha geuza mchana uwe usiku na usiku uwe mchana. Saa nne asubuhi kule ni saa mbili usiku hapa, siku ile ile. Saa moja jioni kule ni saa kumi na moja alfajiri hapa, ila siku ya pili yake. Hapo kwenye tarehe ndipo wengi hupotea: fainali iliyoandikwa Jumamosi jioni, wewe utaiona Jumapili kabla jua halijatoka.

Jengine ni kwamba safari hii riadha inatangulia na kuogelea kunafuata wiki ya pili, kinyume cha ilivyozoeleka. Ukisubiri wiki ya pili utakuta mbio za uwanjani zimekwisha. Na mbio za saa moja jioni kule zitagongana na adhana ya Alfajiri hapa. Ving'amuzi vingi vyenye tundu la USB hurekodi kwenye flashi. Tenga GB 1 hadi 3 kwa kila saa kulingana na ubora wa picha, na jaribu wiki moja kabla, kwani baadhi hukataa flashi mpaka kwanza uifute kupitia menyu ya king'amuzi chenyewe.

Antena yangu iko juu ya dari, nyumba ni ya mawe. Picha hukatika vipande vipande, hasa upepo ukivuma. Fundi asema ninunue busta. Ni kweli? (Msomaji, Mkomani, Lamu)

Usinunue bado. Michezo inaangukia katikati ya Kusi, na Kusi haimwonei haya mlingoti uliofungwa kwa kamba. Zamani antena ikiyumba uliona chenga na ukaendelea kutazama. Matangazo ya dijitali hayana huruma hiyo: mawimbi yakishuka chini ya kiwango fulani, picha huganda au hupotea kabisa. Funga mlingoti kwa nyaya tatu zilizotawanyika sawa pande tatu, na bolti ziwe za chuma cha pua. Za kawaida hapo baharini hazimalizi miaka mingi.

Kisha fungua menyu ya king'amuzi utafute mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Tazama wa ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora uko chini, busta itakuzidishia makelele tu, kwa kuwa hukuza kila inachopokea. Busta ina faida pale ambapo mawimbi ni safi lakini waya ni mrefu, na huwekwa kule juu karibu na antena, si nyuma ya TV.

Mara nyingi ugonjwa uko kwenye waya. Vua kiungo cha juu ulikate ganda. Ukiona shaba imegeuka kijani au nyeusi, maji ya chumvi yameshaingia na hunyonywa na nyuzi za ndani kama utambi. Kata kidogo kidogo kurudi nyuma mpaka ukute shaba inayong'aa; ukikata mita mbili hujaiona, badilisha waya wote. Nunua wa ohmu 75 wenye moyo wa shaba tupu, si chuma kilichopakwa shaba. Ili kuutambua, kwaruza ncha kwa kisu uone rangi ya ndani. Ukishaunganisha, zungushia tepu ya raba kuanzia chini kwenda juu ili kila mzunguko umwage maji juu ya uliotangulia. Silikoni inayonuka siki iache dukani, maana asidi yake hula shaba. Kabla waya haujaingia ndani, uachie upinde unaoning'inia, maji yadondokee nje.

Na wale wanaotuuliza kuhusu antena ndogo za ndani: kwenye nyumba zenu za matumbawe na chokaa, ambazo ukuta wake hufika nusu mita, hizo ni pambo.

King'amuzi gani kitaonyesha? (Kijana wa Barani, Malindi)

Haki za kuonyesha huuzwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na mwenye nazo wa Michezo iliyopita si lazima awe nazo tena. Usilipie kifurushi kwa neno la muuzaji. Subiri kituo chenyewe kitangaze. Ukinunua cha antena, hakikisha boksi limeandikwa DVB-T2, yaani mfumo wa matangazo ya dijitali unaotumika Kenya, si DVB-T tupu, ule wa zamani.

Umeme ukikatika, betri ya sola ya 100Ah itanifikisha wapi? (Mwalimu mstaafu, Ganda, Malindi)

Shikamoo mwalimu. Betri ya volti 12 na 100Ah ina kama Wh (wati-saa) 1,200, lakini ikiwa ni ya maji usiishushe chini ya nusu, utaiua. Zabaki 600. TV ya LED ya inchi 32 hula wati 50 hivi, king'amuzi 15, na inveta hupoteza kidogo; weka 75 kwa jumla. 600 gawa kwa 75 ni saa 8, iwapo betri bado ni nzima. Mbio ni za alfajiri, kwa hiyo taa na feni za usiku ndizo zitakazokuibia. Zihamishie kwingine. Betri ya gari haifai kazi hii: imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, si kidogo kidogo usiku kucha.

Paris, Faith Kipyegon alifutwa kwenye mita 5,000 kisha akarudishiwa medali. Sheria gani hiyo? (Mpenzi wa riadha, Matondoni)

Mwamuzi aliona amemzuia Gudaf Tsegay wa Ethiopia walipogusana, akamfuta. Kenya ikakata rufaa, jopo likamrudishia medali yake ya fedha usiku ule ule, nyuma ya Beatrice Chebet. Malalamiko kuhusu matokeo hupokewa ndani ya dakika 30 tangu yatangazwe rasmi, kisha jopo la rufaa huamua. Kwa hiyo usizime TV mara tu mstari ukivukwa.

Soma pia herufi za pembeni mwa majina kwenye matokeo ya mchujo. Q kubwa amefuzu kwa nafasi yake, q ndogo kwa muda wake, na qJ ameingizwa na jopo. Kwa maoni yetu nusu fainali ya mita 800 ina utamu kuliko fainali nyingi: Paris zilikuwa tatu, wakafuzu wawili wa kwanza wa kila mbio na wawili wenye muda bora, kwa hiyo wa nusu fainali ya kwanza walikaa wakihesabu sekunde za wenzao.

Jirani hushangilia kabla yangu. Mimi natazama kwa simu. (Shela)

Intaneti hukata matangazo vipande vya sekunde kadhaa na kuvilimbikiza kabla ya kukuonyesha, hivyo kuchelewa nusu dakika ni kawaida. Antena huchelewa sekunde chache tu. Huwezi kulitengeneza hilo kwenye simu. Hamia kwa jirani.

Saa ya mbio hukatwa pembeni mwa kioo. (Watamu)

TV imewekwa kwenye zumu. Bonyeza kitufe cha ukubwa wa picha kwenye rimoti mpaka 16:9. Isipokubali, tafuta mpangilio huo huo ndani ya king'amuzi.