Usitoe kianzio kabla hujajua mota inazunguka mara ngapi

Mkuu, kama hela ya kianzio bado iko mfukoni, ishikilie. Umeuliza utengenezewe mashine ya kunyonyoa manyoya ya kuku kwa pipa la bluu au ukanunue iliyo tayari Kariakoo, na umesema fundi atakufungia mota ya pampu ya maji uliyonayo nyumbani ili upunguze gharama. Hapo kwenye mota ya pampu ndipo nilipoumia mimi.

Mota nyingi za pampu za nyumbani zinazunguka karibu mara 2,800 kwa dakika. Sahani ya chini ya mashine ya kunyonyoa, ile inayowazungusha kuku, inataka mara 250 hadi 300 hivi. Fundi wangu, huko Gerezani, alifunga puli (gurudumu la mkanda) ya inchi 3 kwenye mota na ya inchi 12 kwenye sahani. 12 kwa 3 ni 4, basi gawanya 2,800 kwa 4: ni 700! Mimi sikugawanya. Alinionyesha ikizunguka tupu, inavuma vizuri, nikalipa.

Nilikuwa na oda ya kuku 80 wa sherehe Tabata, mpishi anawataka alfajiri. Tukaanza kuchinja saa nane usiku. Wanne wa kwanza wakatoka mabawa yamevunjika, ngozi ya kifua imechanika. Nikampigia fundi, akapokea, akasema maji yangu hayajachemka, manyoya yanagoma. Nikachochea kuni. Hilo ndilo lililonimaliza, maana broila anataka maji ya nyuzi 60 hadi 65, tena kwa muda usiozidi dakika moja. Yakikaribia kuchemka ngozi inaiva, na ngozi iliyoiva ikikutana na vidole vya mpira vilivyo ndani ya pipa kwa kasi ile inabanduka pamoja na manyoya. Tulipokubali kuzima mashine, kuku 31 walikuwa hawauziki. Waliobaki tuliwanyonyoa kwa mkono, mimi, mke wangu na vijana wawili, vidole vimevimba. Kulipokucha nikakimbilia Shekilango kununua wengine 31, karibu laki mbili na nusu. Tulichelewa, na mteja yule hajarudi mpaka leo.

Nilipomfuata fundi akaniambia kuku wangu ni laini. Kuku wa wiki tano awe mgumu kama gogo? Mota aliifungua kwenye pampu kwa mikono yake, namba ameiona, akanyamaza. Halafu usiku ule akanituma nikachemshe maji! Bado nina hasira naye.

Fundi mwingine akaniwekea mota ya mara 1,400 na puli za inchi 3 na 15. Hiyo ni 280. Pipa lilelile, vidole vilevile, sasa kuku watatu ndani ya nusu dakika, mpira wa maji ukimwagia juu, wanatoka wazima.

Ya dukani nayo ipigie hesabu hiyohiyo, usiangalie inavyong'aa. Na popote utakapoipata, waya wa ethi (wa kupeleka umeme ardhini) uwepo, maana utakuwa umesimama kwenye maji.

Kabla hujatoka kesho, futa vumbi kwenye kibao cha hiyo mota, soma namba iliyo kwenye RPM, yaani mizunguko kwa dakika, uiandike hapa, nitakupigia hesabu ya puli mwenyewe. Fundi naye mwulize ataweka inchi ngapi kwa ngapi. Akikujibu "tutaona", ondoka.